Kumpima Mama

Kwetu Krismasi haikuanza na mti wala taa. Ilianza na futi. Jumapili ya kwanza ya Majilio, tukirudi kanisani, mama alikuwa ananisimamisha mlangoni mwa chumba chetu cha Magomeni, mgongo umegusa fremu, kisha anavuta futi yake ya kitambaa iliyokuwa inaning'inia shingoni na kunizungushia kifuani, kiunoni, nyongani. "Simama kama mtu anayekwenda kupokea zawadi," aliniambia kila mwaka. Mimi nabana tumbo ili nionekane mwembamba, naye ananifinya ubavuni. "Toa pumzi. Unamdanganya nani, mimi au kitambaa?" Watoto wenzangu walijua sikukuu imekaribia wakiona mapambo madukani. Mimi nilijua pale kile kichuma cha ncha ya futi kiliponigusa shingoni, cha baridi, nikaruka.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alikuja Dar kutoka kusini akiwa msichana, akapata nafasi ya kuweka cherehani kwenye kibaraza cha duka la vitambaa Kariakoo, na hapo akakaa mpaka macho yalipoanza kumgomea. Nafasi ile nikairithi mimi, pamoja na kiti chake, mto wa kukalia na wateja wagomvi. Cherehani yake ya zamani, ile ya kukanyaga kwa miguu, tuliirudisha nyumbani, akawa anawashonea majirani vitu vidogo vidogo: pindo la shuka, zipu iliyokufa, kaptula ya shule iliyochanika makalio. Na tangu nilipokaa mimi kibarazani, mambo yakageuka. Jumapili ya Majilio akawa anasimama yeye mlangoni, nami nampima. Mzee mwenye duka, ambaye babu zake walitoka Hadhramaut na ambaye hajawahi kuingia kanisani hata siku moja, ndiye aliyetoa kitambaa cha gauni lake la Krismasi kila mwaka. Alikuwa anakichagua mwenyewe, anakikata mwenyewe, na ole wako useme rangi huipendi.

Mama alikuwa na miiko yake ya kazi. Hakuazimisha mkasi. Hakushona nguo ikiwa mwilini mwa mtu. Na hakumpima mtu aliyelala. Mara nyingine mteja alikuja kumwomba aende akampime mgonjwa kitandani, amshonee kitu cha kuvaa, naye alikataa katakata. Alete nguo ya mgonjwa ya zamani, atashonea hiyo. "Aliyelala ana fundi wake," alisema, na nilikuwa mtu mzima tayari nilipoelewa kwamba alikuwa anamsema fundi wa majeneza. Mimi miiko mingine niliicheka. Ule sikuucheka.

Mwaka ninaousimulia, kiharusi kilimkuta mwezi wa tano, uani, akianika nguo. Kilichukua upande wote wa kulia na kupindisha mdomo. Hospitali walimtibu, wakamruhusu, wakatufundisha mazoezi ya mkono na mguu. Mwanzoni aliyafanya kwa hasira zake zote, anahesabu kwa sauti nzito isiyoeleweka vizuri, jasho linamtoka. Nikaona tutashinda. Halafu siku moja, sijui nini kilitokea kichwani mwake, aligeukia ukutani na hakugeuka tena. Si kwamba alishindwa kusema. Alikuwa anasema, kwa taabu, maneno machache. Aliacha tu. Ukimlisha, anakula vijiko viwili vitatu kisha anafumba mdomo. Ukimwamsha akae, anakaa mahali ulipomweka, macho ukutani, mpaka umlaze.

Mimi naomba sana, lakini naomba kama mtu wa Kariakoo. Mwezi wa sita nilianza juu kabisa: Mungu, mponye mama yangu, arudi kama alivyokuwa. Kimya. Nikashuka: basi atembee hata kwa fimbo. Kimya. Nikashuka tena: afike uani peke yake, aende chooni bila kubebwa, hilo tu, na mengine nitanyamaza. Kila mwezi nilikuwa napunguza, nabembeleza, naondoka kama mteja anayejifanya anaenda duka jingine ili aitwe. Hakuna aliyeniita. Ilipofika mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimebakiwa na ombi dogo ambalo ningeona aibu kulitaja mbele ya watu. Niliomba asimame mlangoni kwa muda wa kuzungusha futi mara tatu. Nishone gauni la Krismasi. Baada ya hapo afanye anavyotaka Yeye.

Wanawake wa jumuiya yetu walikuja kusali, ni haki yao, na mimi nikawapikia chai. Walisali vizuri, wakaimba, mmoja akalia zaidi ya mimi mwenye mama. Wakati wa kuondoka kiongozi wao alinishika mikono miwili akaniambia, "Mwachie Mungu, dada." Nilimwangalia. Nimwachie, kwani nilikuwa nimemshikilia mimi? Nilitamani kumwambia hivyo, ila chai yangu ilikuwa bado tumboni mwake na sikukuu imekaribia, nikasema amina.

Jumapili ya kwanza ya Majilio ilifika. Nilitoka misa ya asubuhi, nikavua viatu, nikachukua futi. Jirani yetu wa chumba cha mbele alikuwa amekaa na mama. Huyu jirani ni wa kumtaja vizuri. Ni mwanamke wa rika langu, Mwislamu, anauza vitumbua alfajiri na kumaliza mapema, na tangu mwezi wa tano ndiye aliyekuwa anabaki na mama nikiwa kazini. Sikumwomba. Siku ya kwanza tu tuliyorudi kutoka hospitali alihamishia mkeka wake mlangoni kwetu, akaanza kuchambulia mchele hapo.

"Mama," nilisema, "leo Majilio. Nimekuja na futi."

Hakugeuka.

"Tutakushika mimi na jirani. Huku na huku. Hata dakika haiishi."

Tulimwinua akakaa. Tukampitishia mikono kwapani. Alikuwa mwepesi, nikashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi, lakini miguu haikutaka. Haikujaribu hata kukanyaga. Ilikuwa inaburuzika kama ya mtoto anayekataa kwenda shule. Tulimrudisha kitandani, akageukia ukuta wake. Jirani akanipangusa bega, sijui aliona nini pale, na kusema, "Bado siku zipo, shoga." Nikatundika futi kwenye msumari.

Tukajaribu tena Jumapili ya pili. Jumapili ya tatu nilijaribu nikiwa nimekasirika, na hiyo naisema wazi: nilimkasirikia mama, nikamkasirikia Mungu, nikamkasirikia mpaka jirani aliyekuwa ananisaidia kwa upole kupita kiasi. Hakusimama.

Wakati huohuo Kariakoo ilikuwa imepagawa, kama inavyopagawa kila Desemba. Suti za watoto zimetundikwa mpaka juu ya nguzo, vigauni vya kumetameta, miti ya plastiki imefungwa kamba mafungu mafungu kama mihogo. Vipaza sauti vinarudia bei moja kutwa nzima. Wabeba mizigo wanapiga kelele "Mzigo huo! Angalia mgongo!" na mikokoteni inapita juu ya vidole vya watu. Joto lile la kunata, na watu wanacheka. Hicho ndicho kilichonichosha, watu kucheka. Mama mmoja alikuja zikiwa zimebaki siku chache, ana kitambaa mkononi, anataka gauni lenye mikono ya puto, na alipoambiwa nafasi imejaa akanibembeleza, "Dada, fanya kama unamshonea mama yako." Nilimtazama mpaka akapunguza sauti. Kisha nikampokea. Nililishona lile gauni vizuri sana, kwa ubishi.

Mkesha wa Krismasi, mchana, mzee mwenye duka alitoka kibarazani na kitambaa mkononi. Cha pamba, bluu, chenye maua meupe madogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimechagua laini, kisimkwaruze." Akakiweka juu ya meza ya cherehani, akakilainisha kwa kiganja. "Anaendeleaje?"

"Vilevile."

Wazee wengine wangeongeza neno hapo. Yeye hakuongeza. Alisimama kidogo akitazama msongamano wa mtaani, kisha akasema, "Mwambie kiti chake bado kipo," ingawa kiti nilikuwa nimekikalia mimi, na akarudi ndani kuuza.

Nilibaki na kitambaa na sina vipimo. Fundi yeyote mwenye akili angefanya lililo rahisi: angekata kwa kukadiria. Mimi namvisha mama kila asubuhi. Namwogesha. Mikono yangu ilijua jinsi alivyokwisha, ilijua mbavu na mifupa ya nyonga. Lakini kukata nguo ndogo kulikuwa ni kukubali, na mimi sikuwa tayari kukubali kwa mkasi wangu mwenyewe. Nikatandika kitambaa, nikakata kwa vipimo vya mwaka uliopita, nilivyokuwa navyo kichwani kama namba ya simu. Kifua cha mwaka uliopita, kiuno cha mwaka uliopita. Nikashona bila kuinua kichwa. Mafundi wa kibaraza cha jirani walifunika cherehani zao, wakaniaga, wakatakiana sikukuu njema. Nilimaliza jua likiwa bado lipo, nikafunika yangu. Mama alitufundisha kwamba siku ya Krismasi cherehani hailii, hata kifungo hakishonwi.

Asubuhi ya Krismasi niliwahi kuamka, nikabandika pilau uani, nikamwogesha mama. Kanisani sikwenda. Nilijisemea kwamba nani angebaki na mgonjwa, lakini jirani alikuwepo, na alikuwa ameshaniambia niende. Sikwenda kwa sababu sikuwa na la kusema huko. Kengele zikalia, watu wakapita barazani na nguo mpya, viatu vya watoto vinalia kwa upya wake, na mimi nakaanga vitunguu.

Jirani alikuja na bakuli la kaimati, amejifunga kanga mpya, utadhani Idi ni yake. "Haya, lete gauni tumpambe mama."

Tulimkalisha. Nikampitishia gauni kichwani, mkono uliopooza kwanza, kama walivyotufundisha hospitali, kisha ule mzima. Tukalishusha.

Lilikuwa limemmeza. Shingo ilishuka mpaka begani, bega likateleza mpaka kwenye kiwiko, na kifuani palikuwa na nafasi ya kuingiza mtoto mchanga. Kitambaa kilijikunja mapajani marundo marundo. Nimeshona tangu nina umri wa miaka kumi na mitano, na sijawahi kumvisha mteja nguo mbaya kama ile.

"Amependeza," alisema jirani, kwa sauti ya mtu anayesema uongo msibani.

Nikaanza kulivua. Nilitaka lipotee kabla sijalia. Ndipo mama alipoinamisha kichwa polepole, akajitazama kifuani. Akainua mkono wa kushoto, ule mzima, akashika kitambaa pale mbele na kukivuta, akaona kinavyokuja, kinakuja tu. Akavuta tena. Mdomo wake ukaenda upande, nikadhani anaumwa. Kumbe anacheka.

"Mwingine," alisema. Maneno yalitoka mazito, moja moja, lakini yalieleweka. "Mwingine… anaingia… saa ngapi?"

Jirani aliangua kicheko akashika ukuta. Mama naye mabega yanatikisika, mate yanamtoka upande, machozi yanamtoka. Miezi ilikuwa imepita sijausikia ule mlio. Mimi nilisimama pale kama mjinga, sijui nicheke au nilie, nikafanya vyote, tena kwa kelele mpaka watoto wa mpangaji wa uani wakaja kuchungulia mlangoni.

Tulipotulia, mama alinitazama. Mimi, si ukuta.

"Pima," alisema.

"Nitapima mama, ukisimama. Tukushike?"

"Sisimami."

"Tukishirikiana wawili, hata kidogo tu…"

"Sisimami tena, mwanangu." Alilisema taratibu, kila neno na pumzi yake, kama mtu anayemweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi. Hakuwa na hasira. "Nilaze. Pima."

Nilimwomba Mungu kitu kimoja kidogo mwaka ule, na jibu nilipewa na mama mwenyewe, kwa mdomo wake uliopinda, siku ya Krismasi. Hasimami. Nikamkumbusha mwiko wake. Nikamwambia ni wewe uliyenifundisha, aliyelala hapimwi, tutatumia gauni la zamani, tutakadiria. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi nani hapa?" aliuliza.

Tukamlaza chali. Nikaondoa futi kwenye msumari. Ile ncha ya chuma ilipomgusa shingoni aliruka kidogo, akatabasamu. Jirani alimwinua mgongo ili nipitishe futi kwa chini. Kifua. Kiuno. Nyonga. Kila nilipotaja namba mama alikuwa anaitikia kwa kichwa, na moja akaikataa. "Umebana. Toa pumzi… wewe." Nilipima upya, na kweli nilikuwa nimebana.

"Urefu," alisema.

"Urefu haujabadilika, mama. Urefu ninao."

"Pima. Anzia kichwani."

"Gauni linaanzia begani."

"Kichwani nimesema. Mpaka kisigino."

Nilidhani ugonjwa umemchanganya. Nikamtazama jirani ili tukonyezane, lakini jirani alikuwa amegeuka, anajifuta uso na pembe ya kanga. Nikaishika futi utosini, jirani akaivuta bila kunitazama mpaka kisigino, nikaitaja namba kwa sauti. Mama akairudia. Akafumba macho kama mtu aliyetua mzigo.

"Haya. Lipunguze," alisema. "Leo."

"Leo Krismasi, mama. Cherehani hailii."

"Iache ilie. Nimechoka… na kimya."

Hapo ndipo nilipojua nilichomfanyia. Miezi yote ile cherehani yake ilikuwa palepale, hatua chache kutoka kitandani, nimeifunika shuka zuri na kuipangia dawa zake juu, na kazi za majirani nikizipeleka zote Kariakoo ili kelele zisimsumbue mgonjwa. Nilikuwa nanyata chumbani. Nilikuwa nawafukuza watoto mlangoni. Nikaondoa dawa, nikaondoa shuka, nikatia mafuta, nikapitisha uzi. Nilipokanyaga mara ya kwanza, chuma kikalia kwa kutu, kikakwama, kisha kikaachia, na ule mlio niliolelewa nao ukajaa chumba na ukumbi wote mpaka barazani. Mpangaji wa uani akapaza sauti, "Leo sikukuu jamani, nani anashona?" na jirani akamjibu, "Mwenye nyumba!" Nyumba si yetu, tumepanga kama wengine, ila hakuna aliyebisha.

Mama alisikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Baadaye akaanza.

"Unavuta."

"Sivuti, mama."

"Unavuta kitambaa. Nasikia."

Nilikuwa navuta. Alikuwa anausikia mshono kwa masikio, amelala, na aliponiamuru nifumue upande wa kushoto wote nianze upya nilifumua, uzi kwa uzi, nimekaa sakafuni, pilau linaungulia uani na mimi sijali. Kugombezwa na mama mzazi mwenye afya ni kero. Mimi nilikuwa nimeomba kwa magoti miezi mizima na katika maombi yote hayo sikukumbuka kuomba nigombezwe. Nilikuwa na furaha, nasema wazi. Pamoja na lile neno "sisimami", nilikuwa na furaha ya kijinga, ya mtoto aliyebanwa mlangoni Jumapili ya Majilio.

Mchana tulimvika, likamkaa. Tukambeba na kiti mpaka barazani, na hapo akashinda na gauni lake la bluu, mkono mmoja mapajani. Watoto walipita kumsalimia, "Shikamoo, bibi," naye akawaitikia wote, "Marahaba," neno gumu kwa mdomo ule, na hakumruka hata mmoja. Alikula sahani ndogo ya pilau, upande usioungua, na kaimati mbili. Jirani alimfuta shira kidevuni. Jioni alisema amechoka, tukamrudisha ndani, na kesho yake akageukia ukuta.

Sitaki mtu adhani kuna zaidi ya hapo. Hakupata nafuu. Januari alikula kidogo kuliko Desemba. Cherehani niliiacha wazi, nikawa nashona kila nikirudi kazini, na siku nyingine alisema "unavuta" na siku nyingine hakusema kitu. Jumapili ya shukrani kanisani watu walisimama kutoa ushuhuda, huyu kapata kazi, huyu kapata mtoto, na kiongozi wa jumuiya akanigeukia akanipungia mkono nisimame nami. Nilibaki nimekaa. Ningesema nini? Kwamba niliomba mama asimame, akaniambia hasimami, na ile ndiyo Krismasi yangu nzuri kuliko zote? Wangenishika mikono tena.

Alifariki Kwaresima, asubuhi, baada ya kunywa chai nusu kikombe. Jirani alikuwepo. Mimi nilikuwa Kariakoo, na mzee mwenye duka ndiye aliyefunika cherehani yangu siku hiyo.

Watu walikuja, wanaume wakapanga viti barazani, wanawake tukakaa ndani kwenye mikeka. Tulimvika gauni la bluu. Wanawake wa jumuiya walishangaa jinsi lilivyomkaa, mmoja akauliza nani alimpima. Kabla sijajibu, mjomba, mdogo wake mama, aliyekuwa anasimamia mazishi, akasimama mlangoni na simu mkononi. Alikuwa ameshaiona futi kwenye msumari, ameishika.

"Fundi wa jeneza yuko Buguruni," alisema kwa sauti ya chini. "Anataka urefu, kichwani mpaka kisigino. Nani aingie ampime?"

Jirani alinitazama. Safari hii hakugeuka, na mimi nikaelewa alichokuwa amekielewa yeye siku ya Krismasi.

"Hapimwi," nilisema. Nikasimama, nikamnyang'anya mjomba futi, nikaitia shingoni. "Nipe simu."

Nikampa fundi ile namba ya siku ya Krismasi, kutoka kichwani. Akaniuliza kama nina hakika, maana watu wa msibani hukosea, na akikata mbao amekata. Nikamwambia sijakosea. Nikamwambia nilimpima akiwa anacheka, na aliyenisimamia wakati napima alikuwa fundi kuliko sisi wote wawili.